Kutunza Mapazia ya Picha

Katika kila mji mdogo, na hata katika masoko ya vijijini, yupo mpiga picha. Huenda hana ila chumba kimoja, na vyombo vyake ni kamera, kiti, taa, na pazia lililotundikwa nyuma ya kile kiti. Kamera yake huifuta kila jioni na kuifungia mkobani. Lakini pazia hulikunja haraka haraka akalisukuma chini ya kitanda, wala halikumbuki mpaka siku atakapolihitaji. Somo letu ni juu ya pazia hilo, jinsi ya kulisafisha na jinsi ya kuliweka. Twawaandikia wapiga picha, na pia walimu ambao shule zao zina kitambaa cha kupigia wanafunzi picha za vyeti, maana shida yao ni moja. Neno kubwa tutakalo lishikwe ni hili: pazia haliharibiki sana kwa kazi, bali huharibika kwa kuwekwa vibaya.

Tulimjua mpiga picha mmoja, jina lake tusilitaje. Baada ya mvua za masika alijiwa na kijana aliyemleta mama yake kutoka shamba. Yule mama alikuwa mtu mzima sana, wala hajapata kupigwa picha maisha yake yote. Mpiga picha alipolikunjua pazia lake aliona vidoa vyeusi vya ukungu, kwa kuwa alilikunja likiwa na unyevu. Akajiambia, “Havitaonekana.” Lakini vilionekana, vikamzunguka yule mama kichwani kama nzi. Kijana alipoiona picha hakugomba, akasema, “Tutarudi siku nyingine.” Siku hiyo haikufika, kwani mama alifariki mwaka ule ule. Picha ile ndiyo ya pekee waliyo nayo, nayo imetundikwa ukutani mwao hata leo, na kila mgeni huuliza vile vidoa ni vitu gani. Twajua kwamba siku hizi mtu mwenye kompyuta aweza kufuta doa katika picha. Lakini picha nyingi hutolewa papo hapo mteja akingoja, na lililosahauliwa siku ile husahauliwa milele.

ASILI YAKE

Pazia na picha ni ndugu wa tangu zamani. Louis Daguerre, Mfaransa ambaye njia yake ya kupiga picha ilitangazwa mjini Paris mwaka 1839, alikuwa kwanza mchoraji wa mapazia makubwa ya maonyesho. Hapa kwetu pwani, wapiga picha wenye nyumba zao za kazi walikuwapo Unguja tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua huko nyumba iitwayo Capital Art Studio. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa Likoni, karibu na kivuko cha Mombasa, walipamba vibanda vyao kwa mapazia yaliyochorwa vitu kama meli na ndege, ili msafiri apigwe picha kana kwamba amefika mbali. Basi pazia si kitambaa cha kuziba ukuta tu. Ni mahali ambapo mtu amechagua kuonekana.

KUJUA AINA YA PAZIA

Kabla ya kutia maji, yakupasa kujua pazia lako ni la namna gani, kwa maana dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Aina ya kwanza ni kitambaa cha pamba kisichochorwa, kama marekani au bafta, kikiwa cheupe au kimetiwa rangi. Ya pili ni turubai au marekani iliyochorwa kwa mkono, yenye miti, ngazi, au ziwa. Ya tatu ni karatasi pana iliyoviringishwa. Ya nne ni plastiki nzito iliyopigwa chapa. Ya tano ni mahameli. Ya sita ni kitambaa cha nyuzi za kiwandani, yaani poliesta, kisichokunjika upesi.

Ukiwa na shaka kama rangi itatoka, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kikamue, kisha kisugue polepole katika pembe ya chini ya pazia. Kikitoka na rangi, usilifue pazia lile.

KUSAFISHA

Vumbi ndilo adui wa kila siku, nalo haliondolewi kwa maji. Tundika pazia, kisha lipige brashi laini kutoka juu kwenda chini, mbele na nyuma. Ukianza kwa maji, vumbi hugeuka tope na kuingia ndani ya nyuzi. Pazia lililochorwa usilipige kwa fimbo kama mkeka, kwa sababu rangi hupasuka na kubanduka.

Pamba isiyochorwa yaweza kufuliwa kwa maji baridi na sabuni isiyo kali. Iliyotiwa rangi ifuliwe peke yake. Usitumie dawa ya kung’arishia yenye klorini, kwani huondoa rangi na kudhoofisha nyuzi. Suuza mara nyingi mpaka maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki huvuta vumbi upya. Jihadhari pia na pamba mpya, kwa kuwa hupungua ifuliwapo mara ya kwanza. Pazia la futi 12 laweza kupungua zaidi ya nusu futi. Ni kheri kulifua kwanza, kisha ndipo ulikate na kulipinda.

Pazia la rangi lianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua hufifisha rangi, na upande mmoja ukififia kuliko mwingine hapana dawa. Pazia jeupe la picha ndogo za vyeti laweza kuanikwa juani, nalo hung’aa zaidi. Lipigwe pasi likiwa na unyevu kidogo, upande wa nyuma. Mwenye pasi ya makaa aitazame sana, kwa kuwa cheche moja yatosha kutoboa kitambaa ambacho kila mteja atakiona.

Pazia lililochorwa halifuliwi kamwe. Mapazia mengi ya namna hii yamechorwa kwa rangi za maji, na nyingine ni chaki na gundi tu, na gundi ile huyeyuka ikipata maji. Mtu aliyefua pazia la ziwa na minazi aweza kujikuta hana ziwa wala minazi, ila wingu moja la kijivu. Likiwa na rangi ya mafuta, na umekwisha kuijaribu pembeni, waweza kulipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Petroli na mafuta ya taa yasikaribie kabisa, kwa kuwa huharibu rangi na huleta moto.

Karatasi haifuliwi. Sehemu iliyochafuka hukatwa, ikavutwa nyingine. Kwa hiyo dawa yake ni kinga: mteja apanguse viatu, au avivue, kabla ya kuikanyaga. Plastiki hupanguswa kwa maji yenye sabuni kidogo, ikakaushwa kwa kitambaa. Mahameli hupigwa brashi kwa kufuata ulalo wa manyoya yake, wala hayapigwi pasi upande wa manyoya, kwani yakilala hayainuki vema tena. Poliesta hufuliwa kwa urahisi, lakini pasi yake iwe ya moto mdogo sana, maana joto kali huiyeyusha.

UKUNGU

Wengi hudhani ukungu ni uchafu. Sivyo. Ukungu ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho zimo hewani kila mahali, zikingoja unyevu na chakula. Chakula chake ni pamba, wanga, gundi na jasho la mikono, na vyote hivyo vimo katika pazia. Unyevu hatuwezi kuuzuia angani, hasa pwani na kandokando ya maziwa makuu, lakini twaweza kuuzuia usifungiwe pamoja na kitambaa.

Ukikuta ukungu, toa pazia nje, mbali na mapazia mengine. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, kwani vumbi lake hudhuru kifua. Liache likauke kabisa kwanza, ndipo ulipige brashi. Ukisugua ungali mbichi utausambaza tu. Baada ya hapo, la pamba lisilochorwa laweza kufuliwa. Vidoa vingine havitatoka, na pazia la namna hiyo ni bora kulitumia kufunikia vyombo kuliko kulirudisha nyuma ya watu.

KUWEKA

Kwanza, pazia liwe kavu kabisa. Likionekana kavu jioni, liache mpaka kesho yake, maana pindo na mishono hukauka mwisho.

Pili, viringisha, usikunje. Mkunjo huacha alama ya mraba ambayo taa ya mpiga picha huikuza, na katika rangi iliyochorwa na katika plastiki mkunjo huwa ufa usiozibika. Tafuta mwanzi mnene au bomba la maji la plastiki, lipanguse, ulizungushie karatasi safi au kitambaa, kisha uviringishe pazia juu yake. La kuchorwa liviringishwe rangi ikiwa upande wa nje, ili isibanwe ikajikunyata. Ufungie utepe mpana wa kitambaa, si kamba nyembamba inayokata. Karatasi, ikiwa katika bomba lake, isimamishwe wima, kwa sababu ikilala muda mrefu hupinda na kufanya mawimbi. Pamba iliyotiwa rangi, isiyochorwa, wengine huisokota ovyo katika mfuko wa kitambaa kwa makusudi, ili mikunjo iwe mingi midogo isiyo na mistari. Hilo si kosa, mradi imekauka.

Tatu, lifunike kwa shuka kuukuu safi. Usilifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kwani mfuko ule huzuia vumbi lakini hufungia unyevu, na mwezi mmoja wa masika watosha kuugeuza shamba la ukungu.

Nne, liweke juu ya rafu au vigingi, futi moja au zaidi kutoka sakafuni, wala lisiguse ukuta. Ukuta wa udongo hupitisha mchwa, na ukuta wa saruji hutoa unyevu. Misumari ya kutundikia isiwe na kutu, maana doa la kutu halitoki kwa sabuni. Chakula kisiwekwe chumba kile, kwa kuwa panya aliyefuata unga hataliacha pazia. Vidonge vya nondo visiguse plastiki wala rangi, kwani huviharibu, na moshi wake si mzuri kwa mtu alalaye chumba kimoja nao.

Tano, likunjue na kulitazama mara moja kila mwezi, na wakati wa masika mara mbili. Kazi hii ni ya nusu saa. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” na bei ya pazia jipya la kuchorwa ndiyo ukuta wenyewe.

KUANDIKA TAREHE

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hawalidhani. Kila pazia liandikwe upande wa nyuma, pembeni, siku lilipoanza kutumika, na siku lilipoachwa iandikwe katika daftari. Seydou Keïta, aliyefungua nyumba yake ya picha mjini Bamako mwaka 1948, alianza kwa kutundika shuka ya kitanda chake yenye matamvua. Baadaye alikuwa akibadili pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu. Miaka mingi ilipokwisha kupita, na picha zake zikawa zatafutwa na watu wa nchi nyingi, hayo mapazia ndiyo yaliyomwezesha kusema picha hii ni ya miaka fulani na ile ya miaka fulani. Sura za watu zilikuwa zimesahauliwa, lakini kitambaa cha nyuma kilitoa ushahidi.

Tufikirieni jambo hilo katika wilaya zetu. Picha ngapi zimo masandukuni, za babu na bibi, zisizo na tarehe wala jina? Mpiga picha mwenye pazia lililotunzwa na daftari lililoandikwa aweza kumwambia mjukuu, “Pazia hili nililitumia tangu mwaka fulani hata mwaka fulani.” Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu za watu ni mali vilevile.

Basi, wewe uliye na pazia, usingoje mteja. Leo jioni litoe mahali ulipolisukuma, likunjue mchana wa kesho penye hewa, ulitazame nyuma na mbele, ukafanye kama tulivyoeleza. Nawe mwalimu, wape wanafunzi wakubwa kazi ya kufua na kuanika kile kitambaa cheupe cha shule kabla ya siku ya picha, si asubuhi ya siku ile ile. Huenda anayekuja kesho kuketi katika kiti kile ni mtu ambaye hatarudi kuketi tena.