Koili ya Kurusha Msumari kwa Betri za Tochi

Waya unaopitisha umeme hugeuka sumaku. Ukiuzungusha mara nyingi juu ya mrija, nguvu hiyo hukusanyika ndani ya mrija na kuvuta chuma hadi katikati. Waya uliozungushwa hivyo huitwa koili. Ukikata umeme kabla chuma hakijafika katikati, kitapitiliza na kutokea upande wa pili. Ukichelewa, koili itakirudisha na kukishika. Ugumu wote uko hapo.

Waya utaupata wapi? Kwa fundi anayesuka mota. Mwombe mita nane hivi za waya wa shaba wenye vanishi, unene wa nusu milimita. Mabaki yanatosha, nanyi mtapatana bei. Gharama kubwa zaidi ni betri nne nene za tochi. Tafuta pia ganda tupu la kalamu, swichi ya kengele ya mlangoni, na msumari unaoteleza ndani ya ganda bila kukwama.

Kata msumari upate kipande cha sentimita 3 kisicho na kichwa, usugue ncha zake kwa tupa. Zungusha waya juu ya ganda mara 200, tabaka juu ya tabaka, bila kugeuza mwelekeo, upana wake usizidi sentimita 3. Funga kwa utepe. Kisha kwangua ncha mbili za waya kwa msasa mpaka shaba ing'ae. Hapa wengi hukwama: vanishi haionekani vizuri, lakini inazuia umeme kabisa. Panga betri chanya kwa hasi upate volti 6, uziunganishe na koili kupitia swichi.

Laza ganda mezani likielekea boksi lenye kitambaa, pasiwe na mtu mbele. Ingiza msumari hadi ncha yake iguse mwanzo wa koili. Bonyeza, achia papo hapo. Pima msumari ulipofika, sogeza mahali unapoanzia milimita mbili, ujaribu tena. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Koili ikipata joto, ipumzishe.

Tafadhali, usiongeze nguvu kwa umeme wa ukutani, betri ya pikipiki au ya simu, wala kapasita ya flashi ya kamera, yaani kifaa kinachotunza umeme. Kapasita hiyo inaweza kubeba volti 300 hivi hata kamera ikiwa imezimwa. Nguvu kubwa huwashinda hata wataalamu: Profesa Kristian Birkeland wa Norway alipoonyesha mzinga wake wa koili mbele ya watu mwaka 1903, ulipiga shoti na kutoa mwale mkubwa wa moto. Ukimaliza, toa betri.