MTUFAHA HAUZAI PEKE YAKE



Labda una mtufaha mmoja karibu na nyumba yako. Uliununua kwa fedha zako, ukauzungushia ua usiliwe na mbuzi, ukaungojea miaka minne. Sasa watoa maua mazuri lakini matunda hakuna, na mkono wako umeanza kutafuta shoka. Ngoja kidogo, usome habari hizi kwanza.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na wakulima wengi wa skimu hufika mezani kwangu na shida hii. Humwuliza kila mmoja neno moja tu: "Mzee, mti wako una mwenzake?" Mara nyingi hauna.

Sababu ni hii. Mitufaha ya aina nyingi haizai kwa unga wa maua yake yenyewe. Lazima nyuki alete unga kutoka kwa mtufaha wa aina nyingine uliochanua wakati huo huo. Hata ukipanda miti kumi ya aina moja, ni kama umepanda mmoja.

Huko Ulaya na Marekani wakulima hupanda mitufaha midogo ya maua kati ya mitufaha yao ya kuuza. Matunda yake hayazidi inchi 2 kwa upana, nayo ni makali mdomoni. Watu huipenda kwa uzuri wake, lakini kazi yake shambani ni kuwapa nyuki unga. Usikimbilie kuinunua. Mingi huhitaji miezi ya baridi kali ndipo ichanue vema, na kwetu karibu na ikweta baridi hiyo hatuna. Fanya hivi badala yake.

KUCHAGUA

1. Panda aina mbili zisizotaka baridi nyingi: Anna, iliyotoka Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahamas. Huchanua pamoja na kusaidiana.

2. Nunua mche ulioungwa, yaani kijiti cha mti mwema kimeungwa juu ya shina la mwingine. Mche uliotoka katika mbegu hautafanana na mama yake. Shina la chini likiwa MM 106, ni bora, kwa kuwa huwashinda wadudu wa sufu.

KUTUNZA

1. Chimba shimo la futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Panda mvua ndefu zikianza. Mti na mti uwe futi 12 hadi 15.

2. Mahali palipoungwa pasifukiwe. Pawe inchi 4 juu ya udongo, la sivyo kijiti cha juu kitatoa mizizi yake, na faida ya shina la chini itapotea.

3. Mti ukishakomaa, pukutisha majani yote kwa mkono wiki 3 au 4 baada ya kuvuna, bila kuumiza macho yake. Wakulima wa Java, Indonesia, hufanya hivyo kwa sababu nao hawana majira ya baridi. Mti hudhani umelala, kisha huamka na maua.

4. Ukiona kitu cheupe kama pamba kwenye matawi, ni wadudu wa sufu. Wasugue kwa brashi na maji ya sabuni mapema.

5. Usipige dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Ukiua nyuki, umeua matunda yako.

Basi weka shoka chini. Kama mti wako wa zamani ni Anna, panda Dorsett Golden hatua chache kutoka hapo. Kama hujui ni aina gani, peleka tawi lenye majani na maua kwa afisa wa kilimo wa wadi yako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini miti kumi ya aina moja haitoshi?
2. Kwa nini hatufukii mahali palipoungwa?
3. Majani hupukutishwa lini?