Homa ya Papasi: Tuchore Ramani ya Nyumba Zetu

Mtu akishikwa na homa kali, sisi wa Ngara na Biharamulo hufikiri malaria kwanza. Mara nyingi ni kweli. Lakini ipo homa nyingine inayofanana nayo: homa ya papasi. Hupanda kwa siku chache, ikapoa, mgonjwa akadhani amepona. Baada ya wiki moja hivi hurudi. Ni hatari zaidi kwa mama mjamzito, kwani mimba huweza kuharibika au mtoto mchanga akafa.

Papasi si kama kupe wa ng'ombe. Kupe huyo hung'ang'ania mwili wa mnyama kwa siku kadhaa na kwenda naye malishoni. Papasi hukaa ndani ya nyumba. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, humwuma aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Huweza kuishi miaka bila chakula, na huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa siku nyingi si salama.

Mwaka 1905 madaktari Dutton na Todd walithibitisha huko Kongo kwamba papasi hueneza homa hii. Dutton mwenyewe aliugua, akafa mwaka huo huo. Wakati huo Robert Koch, daktari wa Kijerumani, aliwakuta papasi katika vibanda vya wasafiri kwenye njia za misafara nchini mwetu. Msafiri aliyepiga hema mbali kidogo na vibanda aliweza kuepuka ugonjwa. Maana yake ni hii: papasi hatembei mbali kwa miguu yake. Husafiri ndani ya mikeka, magunia na mizigo yetu.

Ndiyo sababu ramani husaidia. Wilaya zetu ni za wasafiri: magari ya Rusumo na Kabanga hupita Lusahunga, na watu hulala njiani. Tusimlaumu mgeni, papasi hupanda mzigo wa yeyote. Kikundi cha kisomo, pamoja na mhudumu wa afya, kifanye hivi:

1. Chora barabara, mto, shule, zahanati, kisha kila nyumba ya kitongoji.

2. Tia alama nyekundu kwenye nyumba ya kila mgonjwa ambaye damu yake imepimwa na kuonekana ana homa ya papasi. Andika mwezi, usiandike jina lake.

3. Muulize alilala wapi wiki mbili au tatu kabla ya kuugua. Chora mshale kutoka huko.

Sasa isomeni ramani. Alama zikirundikana kwenye nyumba chache, anzeni kutafuta papasi humo. Mishale mingi ikitoka kwenye nyumba moja ya kulala wageni, ikaguliwe hiyo. Mpelekeeni afisa afya ramani hiyo.

Aliye na homa aende zahanati mapema, hasa homa ikiwa bado juu, maana vijidudu huonekana kwa urahisi zaidi katika damu wakati huo. Amweleze mganga kama homa iliwahi kupoa na kurudi. Dawa zipo, na huponya. Asijitibu nyumbani, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza hali huweza kuwa mbaya kwa muda, na huhitaji uangalizi.

Nyumbani, ziba nyufa, piga lipu ukuta na sakafu, tumia saruji ukiweza. Usilale chini. Sogeza kitanda mbali na ukuta, lala ndani ya chandarua chenye dawa. Kung'uta mikeka na magunia nje kabla ya safari na baada yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nyumba iliyohamwa inaweza kuwa na hatari?

2. Katika kitongoji chenu, wageni hulala wapi, na sakafu yake ikoje?

3. Nani atatunza ramani yenu na kuongeza alama kila mwezi?