Programu ni Bure, Bando Si Bure: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wanaochangia Mandhari ya Kagera

FlightGear ni simyuleta huria ya ndege. Imejengwa na watu wanaojitolea tangu miaka ya 1990, haiuzwi, na yeyote anaweza kuchangia ndege, jengo au kipande cha nchi. Kwa hiyo Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, zitapendeza humo kadiri sisi tutakavyozitengeneza. Kinachonichosha ni michango yenye uzito usio na kazi: picha kubwa ambazo hakuna anayeziona, mafaili ghafi yasiyotumika, sauti ndefu zisizo na sababu. Mtengenezaji hapati hasara yoyote. Anayelipa ni kijana wa Kamachumu aliyenunua bando la wiki, akaliona likiisha kabla hajawasha injini.

Picha za ngozi: fanya

Ngozi ni picha inayofunika uso wa modeli. Ipime kwa kumbukumbu inayokula, si kwa ukubwa wake kwenye diski. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096, yenye rangi na uwazi, hutumia baiti 4 kwa kila pikseli. Zidisha mwenyewe: megabaiti 64. Ongeza nakala ndogo ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya vitu vya mbali, unafika kama 85. PNG yako inaweza kuwa na megabaiti 3 tu kwenye diski. Haisaidii kitu, maana ikifunguliwa inarudi kuwa 64. Ishushe hadi 2048, inakuwa 16. Ishushe hadi 1024, inakuwa 4. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba hazina kadi ya picha inayojitegemea. Zinakopa kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Ngozi nne za 4096 zinaweza kumziba mtu pumzi kabla mandhari haijafunguka.

Bana ngozi kwa muundo wa DDS. Hiyo hubaki imebanwa hata ndani ya kadi ya picha: ile ile ya 4096, isiyo na uwazi, inakula megabaiti 8 badala ya 64. Picha asili ibaki nyumbani kwako.

Picha za ngozi: usifanye

Usimwage pikseli 4096 kwenye kitu ambacho rubani hatakikaribia. Kanisa kuu la Bukoba linaonekana vizuri kwa 1024. Banda la mlinzi lipe 256 uachane nalo.

Usitangulize urembo kabla ya usahihi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafariki. Anayefungua simyuleta ili aielewe njia ile ya kutua anahitaji ukingo wa ziwa ukae mahali pake, kimo sahihi cha uwanja, Kisiwa cha Musira, na vilima vilivyo nyuma ya mji. Hahitaji kusoma maandishi ya kibao cha mlangoni. Ukingo uliochorwa vibaya unamfundisha uongo, hata ukiwa na ngozi nzuri namna gani.

Nyumba na migomba: fanya

Tengeneza nyumba moja ya bati, iweke kwenye folda ya pamoja ya Models, uitumie kijiji kizima. Mtumiaji anaipakua mara moja.

Migomba iache kwa simyuleta. FlightGear hupanda mimea yenyewe kwa kufuata aina ya ardhi, na aina hizo zimeandikwa kwenye mafaili ya XML ndani ya folda ya Materials, hata kwa eneo mahususi. Andika maelezo ya Kagera humo na uyaelekeze kwenye picha moja ndogo ya migomba. Maandishi ya kilobaiti chache yataotesha mimea kuanzia Kyaka hadi kusini mwa Muleba.

Nyumba na migomba: usifanye

Usipande mgomba mmoja mmoja. Nimeona shamba moja la Muleba lililochorwa hivyo, kila mgomba modeli yake, kila jani na poligoni zake. Ndege ilipokaribia, picha ikaganda. Mwenye shamba alilisifia kwa uzuri, na hakuna aliyeweza kuruka juu yake.

Sauti

Fanya: kata mlio wa injini uwe wa sekunde chache unaojirudia, wa mono. Usifanye: usiweke stereo ya dakika nzima. Dakika moja ya stereo ya kawaida ya WAV ni karibu megabaiti 10, na simyuleta inahitaji mono ili sauti itoke upande ilipo injini. Umelipa mara mbili kwa kitu kibovu zaidi.

Ghala la Git: fanya

Maliza kazi kwanza, ndipo uiweke. Git huhifadhi kila toleo la kila faili, na picha zilizobanwa hazibaniki tena. PNG ya megabaiti 5 uliyoirekebisha mara kumi inakuwa kama megabaiti 50 kwenye historia.

Unapochukua ghala la mtu kwa matumizi tu, andika `git clone --depth 1`. Unapata hali ya leo, bila historia yote. Ndege za FGAddon, ghala la ndege la FlightGear, ziko kwenye Subversion, inayokuruhusu kuchukua folda moja tu, kwa hiyo chukua ya ndege unayoitaka, basi.

Ghala la Git: usifanye

Usiweke mafaili ya Blender wala ya GIMP humo. Ukiweka leo faili la megabaiti 90 na kulifuta kesho, hujaliondoa. Limo kwenye historia, na kila atakayenakili ghala zima atalibeba. Kuifuta historia yenyewe baada ya watu kuichukua ni kuwaharibia kazi wote walioanza kujenga juu yake. Angalia kabla ya kutuma. Inachukua dakika moja.

Kupakua na kubeba: fanya

Jua vigae vyako. Mandhari imegawanywa kwa folda za digrii 1 kwa 1. Bukoba mjini, Muleba mjini na Kisiwa cha Bumbire vyote vimo kwenye kigae kimoja, e031s02, ndani ya folda e030s10. Kuruka moja kwa moja hadi Mwanza kunaongeza viwili tu chini yako: e032s02 na e032s03. Entebbe iko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo usiitafute humo. Ni e032n00, ndani ya e030n00. Taarifa za uwanja wa Bukoba, HTBU, ziko Airports/H/T/B. Usisahau folda hiyo wala Models.

Washa TerraSync, inayopakua mandhari unaporuka, mahali penye Wi-Fi, ruka njia yako yote, kisha beba folda kwa flashi. Nyumbani izime kwa `--disable-terrasync` na uonyeshe folda kwa `--fg-scenery`. Kikundi kizima kinaweza kutumia upakuaji mmoja.

Faili kubwa lipakue kwa `wget -c`. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia.

Kupakua na kubeba: usifanye

Usifunge kila kitu kwenye zipu moja ya gigabaiti 5. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na utaligundua hilo ukiwa umeshatoka mjini. Funga kigae kwa kigae.

Usiruke jeti kwa bando huku umefungua upeo wa kuona hadi mwisho. Simyuleta itavuta vigae vya pande zote, pamoja na usivyovihitaji. Chukua Cessna 172, punguza upeo.

Na usitangaze kazi yako kabla hujampa mtu mwenye kompyuta ya kumbukumbu ya gigabaiti 4 aifungue. Ikikwama kwake, rudi ukapunguze. Bado hujamaliza.