Mlo wa Kazini: Nini cha Kudai, Nini cha Kupatana

Mfanyakazi aingiaye kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni hupata huko chai ya saa nne na chakula cha mchana. Kwa hiyo jiko la mwajiri, au meza ya mama lishe iliyo nje ya geti, lina sehemu kubwa katika afya yake.

Tunaanza na muda, kwa kuwa mpango wa lishe usio na nafasi ya kula ni karatasi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya angalau dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Anayekula andazi akiwa amesimama kwenye mashine anayo haki ya kuuliza saa yake imekwenda wapi.

Sukari huingia kimyakimya. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ipatayo gramu 35, yaani takriban vijiko tisa vya chai. Ukiongeza vikombe viwili vya chai vyenye vijiko viwili viwili, umekwisha kuvuka gramu 50, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidishe kwa siku. Chumvi nayo isizidi gramu tano, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa milo yote ya siku. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hujiona mzima mpaka siku anapopata kiharusi. Kuondoa vichupa vya chumvi mezani hakugharimu chochote, na kwa maoni yetu kuna faida kuliko mabango kumi ukutani.

Pale mwajiri anapomlipa mpishi kwa mkataba, wawakilishi wa wafanyakazi waombe mkataba huo utaje mboga za majani kila siku, tunda, ugali wa dona na maji safi ya kunywa. Kisichoandikwa hupotea bei ya mafuta inapopanda.

Sehemu ndogo za kazi zisizo na jiko nazo zina njia. Mama lishe hapiki kunde, mchicha au samaki wa kuchemsha kwa sababu anahofia chakula kulala. Watu kumi wakimhakikishia sahani kumi kila siku, na kumlipa hata siku wasipofika, hofu hiyo huondoka. Mwombeni pia chai aitoe kabla ya mlo kwa muda mrefu, au saa moja baada yake, kwani ikinywewa pamoja na maharage hupunguza madini ya chuma mwilini, jambo linalowaathiri zaidi wajawazito.

Mwajiri akileta wapimaji wa sukari na shinikizo la damu, upimaji uwe wa hiari, na majibu apewe aliyepimwa peke yake.