Mzigo wa Nguo za Nyarugusu

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, na kuanzia 2015 ilipokea pia Warundi wengi. Kama mko Dar es Salaam na msikiti au jumuiya yenu imeamua kuwakusanyia nguo, msianze na tangazo. Anzeni na simu. Makambi yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huwezi kutokea tu getini na lori bila kibali. Atakayewaelekeza njia ya kibali mwulizeni papo hapo: kinachopungua ni nini? Mkikisia mtapeleka suti na magauni ya harusi, kumbe watoto hawana masweta, na usiku wa Juni kule juu una baridi asiyoijua mtu wa Pwani.

Tangazo litaje vitu, lisitaje huruma: vitenge na khanga, masweta, nguo za watoto, kandambili. Pokeeni siku mbili tu, mkono kwa mkono. Boksi likiachwa mlangoni wiki nzima hugeuka jalala.

Kazi hasa iko kwenye kuchambua. Mwiteni muuza mitumba mmoja, mlipeni posho yake ya siku. Yeye huijua nguo iliyochoka kwa kuigusa tu, na haoni haya kulikataa koti la shehe. Nguo za ndani zilizovaliwa toeni. Hata sokoni Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku. Za mabaka ya kijeshi toeni pia: raia kuzivaa ni kosa, na aliyekimbia bunduki hana hamu ya kuziona. Fulana za kampeni, ambazo kila nyumba inazo, nyingi zimeshakuwa nyepesi kama chandarua. Hizo ni za kudekia.

Zilizofaa lakini hazikuombwa, kama zile suti, mpeni huyohuyo muuza mitumba aziuze, na fedha zinunue chupi mpya na taulo za kike. Ila wachangiaji waambiwe tangu mwanzo, yasije yakazuka maneno.

Kagueni mifuko, fungeni vifungo vilivyobaki, fueni, anikeni mpaka zikauke kabisa. Safari ni zaidi ya kilomita 1,000, na nguo iliyofungwa na unyevu hufika imeota ukungu. Viatu viunganishwe kwa kamba, pea kwa pea. Kiatu kimoja kikipotelea kwenye kiroba, cha pili hakina kazi. Kiroba kisizidi kilo 25, na juu yake mwandike kwa maki pen: wasichana, miaka 6 hadi 9. Anayegawa hana nafasi ya kumwaga kila kitu chini huku foleni inamtazama.

Nauli ya lori ndiyo husahaulika. Kila anayeleta mfuko aombwe na chochote cha mafuta, na daftari la michango lishikwe na watu wawili. Orodha ya viroba iwe nakala tatu: ya dereva, ya mpokeaji, na moja ibaki kwenu, ikisubiri sahihi ya Kasulu.