SOMO: KUSEMA KWA ZAMU

Wapendwa, mara nyingi kazi ya kamati zetu huharibika si kwa uvivu, bali kwa kuwa watu wanne husema pamoja na hakuna asikiaye. Na tujifunze kwa jambo lililofanyika hapa kwetu Arusha.

Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikafungwa mwisho wa 2015. Ilisikiliza kesi zake katika jumba la AICC. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, na mahakama ilitumia Kifaransa na Kiingereza. Hivyo ilibidi kusema polepole, kumngoja mkalimani amalize ndipo kujibu, wala wawili wasiseme pamoja. Aliyesahau, jaji alimkumbusha. Kungoja huko kulichukua muda. Lakini neno moja likipotea, ushahidi wa aliyefiwa na jamaa zake ungeharibika, au mshtakiwa angehukumiwa kwa jambo lisilosemwa.

Sisi sote twajua Kiswahili, na bado hatusikilizani. Yafaa tushike haya:

1. Asemaye apewe nafasi na mwenyekiti.
2. Ajibuye arudie kwanza, kwa ufupi, alichosikia.
3. Kabla ya kufunga, katibu asome kila uamuzi, nani atautekeleza, na lini.

Mtakatifu Paulo naye aliwaagiza Wakorintho wenye kunena kwa lugha waseme kwa zamu, na mmoja afasiri (1 Kor. 14:27).

Swali la kujadili: Katika kikao chetu kilichopita, ni nani hakusikilizwa?